Mbung'o, Kichaka na Ng'ombe: Historia ya Malale Kandokando ya Ziwa Victoria

Mchungaji anayepangiwa usharika Usukumani au visiwani, iwe ni Magu, Sengerema au Ukerewe, hamalizi mwaka wake wa kwanza kabla hajaulizwa, tena mara nyingi akiwa bado amevaa kanzu ya mazishi: "Ugonjwa huu ametuletea nani?" Waulizaji hawasemi "nini", wanasema "nani". Wengine humtaja jirani, wengine humtaja mgeni aliyeshuka kutoka mtumbwini, na wengine, ambao ni washarika wetu waaminifu, humtaja Mungu mwenyewe. Majibu hayo matatu yanafanana katika jambo moja: yote yanatafuta wa kushtakiwa.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya mwambao wa Ziwa Victoria huuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yetu lafaa liulizwe kwanza. Kabla ya ugonjwa kuja, ni kitu gani kilihamishwa mahali pake? Tumechagua kukaa zaidi na ugonjwa wa malale, kwa sababu habari zake zimeandikwa kwa wingi, na kwa sababu muda uliopita unatosha kuziona tangu mwanzo wake.

Mbung'o hakuwa mgeni katika nchi hii. Wako wale wa ukingoni mwa Ziwa, wapendao vichaka vyenye kivuli karibu na maji, mahali ambapo mvuvi hufunga mtumbwi wake na mama huteka maji. Wako pia wale wa mapori ya miiba na ya miombo, ambao hufuata nyati, ngiri na pongo. Aina zote mbili zinahitaji kivuli, na hapo ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Palipo na jembe, mbuzi, ng'ombe wengi na moto wa kila mwaka, kichaka hakisimami. Na pasipo kichaka mbung'o hukosa makao. Basi kulikuwa na mpaka kati ya watu na pori, na mpaka huo haukuwekwa na mto wala mlima, bali na kazi ya mikono. Usukumani kazi hiyo ilikuwa na wenyewe: vijana wa kijiji waliokwenda kulima na kufyeka kwa pamoja chini ya viongozi wao, basumba batale. Tunaamini kwamba wazee wale walijua mbung'o yuko wapi na ng'ombe wasipelekwe wapi, ingawa hawakuwa wameona kijidudu chochote katika hadubini.

Hapa lazima tujihadhari. Msomi Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, ameeleza vizuri jinsi watu wa kale walivyoitawala nchi yao, lakini sisi tunaona kwamba amepaka rangi nzuri kupita kiasi. Njaa ilikuwepo, vita vilikuwepo, na misafara ya pembe na watumwa ilipita Usukumani na kuacha ndui nyuma yake. John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o miaka mingi na kuandika mwaka 1971, ana uangalifu zaidi. Yeye hasemi kwamba watu waliishi bila malale. Anasema waliishi nayo kwa kadiri ambayo haikuwaangamiza.

Kadiri hiyo ilivunjika katika muda wa miaka michache. Sotoka iliingia upande wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, karibu na Massawa, mnamo mwaka 1887, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa imekwisha kupita katika nchi za Maziwa Makuu. Ng'ombe walikufa karibu wote mahali pengi, na pamoja nao nyati na wanyama wengine wenye kwato. Oscar Baumann, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwani mwaka 1892, aliwakuta Wamaasai wakiwa mifupa mitupu, wakiombaomba chakula, na akakadiria kwamba theluthi mbili yao walikuwa wamekufa. Mwaka huohuo Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza. Funza naye, ambaye alikuwa ameshuka Angola mwaka 1872 kutoka Brazili, alikuwa amevuka bara zima kwa miguu ya wapagazi, na watu walioumwa vidole hata kukatika hawakuweza kulima. Kwa hiyo wageni waliofika miaka hiyo na kuandika kwamba wamekuta nchi tupu yenye pori waliliona pori hilo likiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, wakadhani ni la tangu kuumbwa kwa dunia.

Ng'ombe wakiisha, nyasi hukua bila kuliwa, miiba huota, na mtu mwenye njaa hana nguvu ya kufyeka. Mwanzoni mbung'o nao walipungua mahali pengi, kwa kuwa wanyama waliowalisha walikuwa wamekufa. Lakini wanyama wa porini walizaliana upesi kuliko watu walivyorudi na mifugo yao, na pori lilipopata tena wanyama, mbung'o walifuata. Mpaka ukasogea, na safari hii ulisogea kuelekea mlangoni pa nyumba.

Mwaka 1901 madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook, wa hospitali ya misioni ya Mengo kule Buganda, walipokea wagonjwa waliosinzia mchana, wakakonda na kufa. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo mongota. Mwaka 1902 Aldo Castellani aliona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba mchukuzi wake ni mbung'o wa ukingoni. Kufikia wakati huo Busoga na visiwa vya kaskazini vilikuwa vimejaa vilio. Makadirio ya kawaida husema kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa upande wa Uganda katika muongo ule wa kwanza wa karne. Kijidudu kilitoka wapi? Wengine walisema kililetwa na askari na wapagazi kutoka Kongo. Wengine wameona kwamba kilikuwapo mapema, kikanyamaza. Sisi hatuoni haja ya kuamua. Kijidudu kimoja hakiui watu laki mbili kama hakikukuta njaa, kichaka kilichorudi, na watu wanaosafiri kwa mitumbwi kuliko zamani.

Mitumbwi haikuujua mpaka wa Mwingereza na Mjerumani. Ndiyo maana Robert Koch, aliyetumwa na serikali ya Ujerumani, alishukia Mwanza mwaka 1906. Alipoona wagonjwa ni wachache alivuka kwenda visiwa vya Sese, ambako wengi walikuwa wakifa. Huko aliwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki. Wengine walipata nafuu ya muda. Wengine, walipoongezewa kipimo, walipofuka macho. Baadaye kambi ya wagonjwa ilifunguliwa Kigarama katika Kiziba, kwenye nchi ya Mukama Mutahangarwa, na vichaka vya ukingoni vikafyekwa. Upande wa pili Gavana Hesketh Bell alichagua njia nyingine: kuanzia mwaka 1907 aliwaondoa watu wa mwambao na baadaye wa visiwa, akaiacha nchi. Hatua hiyo iliwatenga watu na mbung'o, hilo hatulikani. Lakini fikiri maana yake kwa mvuvi: ameambiwa aache maji, makaburi na migomba kwa sababu ya mdudu ambaye amekaa naye tangu utoto, na anayemwambia ni mtu ambaye amekuja juzi.

Mwanza yenyewe iliponea katika wimbi lile, lakini haikuponea katika lililofuata. Vita vya 1914 hadi 1918 vilichukua wanaume kuwa wapagazi na ng'ombe kuwa nyama ya majeshi. Waingereza waliingia Mwanza mwaka 1916, na homa kuu ya mafua ikafuata vita vilipokwisha. Kwa mara ya pili katika muda wa miaka 30 mikono ya kufyeka ilipungua. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa. Haya hayakuwa malale ya ukingoni, ambayo mgonjwa huweza kuishi nayo miaka. Yalikuwa malale makali ya porini, yanayoua kwa miezi, na mchukuzi wake hakuhitaji maji ya Ziwa. Charles Swynnerton, ambaye alikuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alikwenda kuchunguza, na mbung'o aliyemkuta huko alionekana kuwa wa aina ambayo ilikuwa haijaandikwa na wataalamu. Mwaka 1923 alipewa jina la Swynnerton. Wasukuma, bila shaka, walikuwa wamekwisha kumwita mbung'o.

Jambo tunalotaka wanafunzi walikumbuke ni lile lililotendeka baada ya hapo katika Shinyanga. Swynnerton alijaribu mengi: moto wa kuchelewa hadi majani yamekauka kabisa, mitego, uwindaji, ufyekaji wa aina fulani tu ya miti. Lakini njia iliyorudisha nchi kwa watu ilikuwa ile ya maelfu ya watu kutoka pamoja na mashoka, siku baada ya siku, kisha kuingiza makazi na ng'ombe mara moja kabla kichaka hakijachipuka. Mtemi Makwaia wa Usiha alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, na watu waliitika kwa sababu desturi ya kutoka pamoja ilikuwepo kabla ya serikali. Hatusemi kwamba kila mmoja alikwenda kwa furaha. Amri ya mtemi ilikuwa amri, na nyuma yake alisimama bwana shauri. Hata hivyo kazi hii ilikuwa na faida moja ambayo atoksili haikuwa nayo: iligusa chanzo, na aliyeitenda aliielewa. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Idara yake ilipewa sifa nyingi vitabuni. Mashoka hayakutajwa sana.

Mahali pengine, hasa katika magharibi ya Tanganyika, serikali ilikusanya watu waliotawanyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja. Waliohamishwa walipona, kwa sehemu kubwa. Ila nchi waliyoiacha ilirudi kuwa pori, pori likavuta wanyama, na baadhi ya mapori tunayoyaita leo ya asili yana mashimo ya majiko ya mababu wa watu.

Nasi hatuwezi kuishia hapo kana kwamba shoka lilimaliza kazi. Nchi iliyofyekwa ilijaa pamba na ng'ombe. Chini ya mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 mapori zaidi yalifunguliwa, watu wengi walivuka kwenda Geita, na malambo yalichimbwa kila upande ili mifugo ipate maji. Ni kazi njema. Lakini lambo lisilotembea maji ni makazi ya konokono, na majaruba ya mpunga vilevile. Watafiti waliofanya kazi Mwanza katika miaka ya 1950 na 1960 walionyesha jinsi konokono wa kichocho anavyojificha katika udongo wakati wa kiangazi na kuamka mvua inaponyesha, akiwangoja watoto wa kuchunga. Mkojo wa damu, ambao vijana wa vijiji vingine waliuhesabu kuwa dalili ya kukua, ulikuwa umechimbiwa lambo.

Kuni nazo zilikwisha. Kufikia mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ili kurudisha miti katika nchi ileile ambayo serikali iliyotangulia ilisifiwa kwa kuifyeka. Mradi ulifanikiwa zaidi pale ulipoamsha ngitili, yaani malisho ya kufungwa ya Wasukuma, kuliko pale ulipoleta miche ya kigeni. Lakini miaka ile ya katikati, isiyokuwa na mti, ilikuwa na wafu wake. Mama anayepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua katika nyumba isiyo na dirisha hupata macho mekundu. Akizeeka, macho hayo huwa ushahidi dhidi yake. Vikongwe wangapi wa Mwanza na Shinyanga wamekatwa mapanga usiku kwa sababu mtoto wa jirani aliumwa homa na mganga akaagiza atafutwe mwenye macho mekundu? Ndugu wachungaji, baadhi yao walikuwa washarika wetu. Wengine wetu tumewazika tukasoma liturujia tukarudi nyumbani, bila kusema lolote juu ya kuni, moshi na malaria. Swali la "nani" si swali la ujinga tu. Lina panga mkononi.

Tumeeleza malale kwa urefu ili yale yaliyo karibu nasi yaonekane sura yake. Samaki aina ya sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 alijaa maji ya Mwanza, na furu, ambao walikuwa kitoweo cha maskini, wakapungua ajabu. Sangara ana mafuta mengi, hakaushwi kwa jua kama dagaa. Lazima abanikwe, na kubanika ni kuni. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wakauziwa mapanki. Visiwa na mialo ambayo ilikuwa na familia chache ikawa makambi ya vijana wasio na wake, wenye fedha ya leo na wasio na uhakika wa kesho, na wanawake wakaja kutafuta samaki wa kuuza, ambao hawakupatikana siku zote kwa fedha peke yake. Hapo tena mpaka ulikuwa umehamishwa, ijapokuwa safari hii haukuwa wa kichaka.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera, ambayo ni hospitali ya Kanisa letu. Hiyo ilikuwa miaka minne tu tangu vita vya Kagera kumalizika, na biashara ya magendo ilikuwa imestawi mpakani. Watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Jina hilo peke yake lina historia nzima ndani yake. Sisi mimbarani tuliuita adhabu. Tulikuwa na andiko la mnara wa Siloamu mbele yetu katika Luka 13, mahali ambapo Bwana anakataa wazi kuwafanya waliokufa kuwa wakosefu kuliko wengine, na bado tuliuita adhabu. Maneno hayo tunayaonea haya.

Ni afadhali kutazama yaliyofanyika Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994. Watafiti walichukua jumuiya 12 za mkoa huo, zikiwemo za mwambao, za visiwani na za kando ya barabara kuu. Katika jumuiya sita waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, wakifundisha watumishi waliokuwepo na kuhakikisha dawa zinapatikana. Jumuiya sita nyingine zilingoja. Walipofuata watu zaidi ya 12,000 kwa miaka miwili, waliona kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa machache kwa kiasi cha asilimia 40 katika jumuiya zilizohudumiwa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalisomwa dunia nzima. Baadaye utafiti wa Rakai nchini Uganda, uliotumia njia tofauti katika hatua tofauti ya ugonjwa, haukupata matokeo hayo, na mabishano yakafuata. Lakini kwetu lipo jambo la kutafakari: mwambao uleule uliowahi kufyekwa ulionyesha tena kwamba mabadiliko madogo katika mazingira ya watu, dawa iliyopo kabatini na mganga wa zahanati asiyewatukana wagonjwa, yaliweza kuokoa wengi wasioguswa na mahubiri yetu.

Wanafunzi huuliza kama mawazo haya si ya madaktari badala ya wachungaji. Tunawaelekeza kwa Martin Luther. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamia Jena, naye alibaki pamoja na Bugenhagen, akamwandikia Johann Hess wa Breslau barua juu ya swali kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia. Barua hiyo hukumbukwa kwa yale isemayo juu ya wachungaji kutowaacha wagonjwa. Wachache hukumbuka mwisho wake, ambapo Luther anageukia makaburi ya mji, analalamika jinsi yalivyokaa katikati ya watu, na kushauri yahamishiwe nje, huku akiwaachia madaktari waamue juu ya hewa yake. Baada ya kunena juu ya imani alikwenda kutazama ardhi.

Mwezi Machi 2023 virusi vya Marburg vilithibitishwa Bukoba Vijijini. Watu tisa waliugua na sita wakafa. Januari 2025 vilizuka tena, sasa Biharamulo, na wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa, waliothibitishwa na waliodhaniwa, walikufa kabla ya mlipuko kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi. Virusi hivyo hukaa katika popo wa mapangoni. Swali letu lilelile lingali wazi: mpaka upi ulihamishwa, na lini.

Sharika nyingi za Kagera na Mwanza zina vitabu vya mazishi vya miaka mingi, vingine vikiwa vimeliwa na mchwa katika makabati ya ofisi. Tunawaomba wanafunzi wanaokwenda mazoezini mwaka huu wavifungue, waandike ni mwaka gani vifo vilipanda ghafula na katika kitongoji kipi, kisha wakakae na wazee wa kitongoji hicho na kuwauliza ni lini kichaka kilirudi, ni lini lambo lilichimbwa, na ni lini kambi ya kwanza ya wavuvi ilipigwa mwaloni.